Umerudi na matanga yameshaondolewa

Ndugu zangu tunaorudi Unguja kutoka Muscat na Dubai, wengi wetu mzazi ametangulia sisi tukiwa huko. Khitma imesomwa, jamaa wa nyumbani wameshalia wakanyamaza, wewe ndiyo kwanza msiba unakupiga mlangoni. Subira, alisema Mtume, ni pale pigo linapotua mwanzo, na kwako pigo linatua leo. Lia. Yeye mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. La kujikataza ni "laiti ningekuwepo", maana ile saa haikuwa mkononi mwako hata ungekuwa chumba cha pili.

Jeneza ulilolikosa bado unaweza kulisalia. Kwa madhehebu ya Shafii, anayefika baada ya maziko humsalia maiti kaburini. Tia udhu, liweke kaburi mbele yako, uelekee kibla. Unguja kibla ni kaskazini, na maiti hulazwa ubavu wa kulia, kwa hiyo kichwa kiko mashariki. Wengi hukosea wanapokuta mawe mawili yaliyofanana, la kichwani na la miguuni. Baba msimamie usawa wa kichwa, mama usawa wa kati. Takbira ni nne: baada ya ya kwanza Fatiha, ya pili kumsalia Mtume, ya tatu dua ya maiti, ya nne dua fupi, kisha salamu. Hakuna rukuu wala sijida.

Kazi kubwa ni deni, na hapa ndipo wenye fedha za Uarabuni tunapoteleza. Tunakimbilia marumaru ya kaburi na pilau ya watu mia, na daftari la duka la mtaani bado lina jina la marehemu. Roho ya muumini hufungika na deni lake. Tangaza msikitini baada ya Ijumaa, uliza dukani, uliza na kwenye mchezo wa kina mama, yaani upatu: kama marehemu alishapokea fungu lake, mikupuo iliyobaki ni deni. Funga za Ramadhani alizoweza kulipa asilipe, jamaa yake anaweza kumfungia, au kila siku itolewe kibaba cha mchele kwa maskini. Siku 30 ni vibaba 30, yaani pishi saba na nusu, takriban kilo 19. Aliyeugua maradhi ya kutarajiwa kupona akafa asipate nafasi ya kulipa hana deni hilo.

Ndiyo maana mali haigawiwi kwa haraka ya tiketi yako. Hutoka kwanza gharama za mazishi, halafu madeni, halafu wasia usiozidi thuluthi, na mrithi hausiwi mpaka wenzake waridhie. Kinachobaki ndicho mirathi: mjane aliyeachiwa watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Pilau ya khitma ikipikwa kwa fedha hizi na kuna warithi wadogo, mmekula mali ya yatima. Toeni mifukoni mwenu.

Na mama, ikiwa yeye ndiye mjane, usimwambie afunge sanduku. Eda ni miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, na huikaa nyumba ile ile. Ukitaka kumchukua Muscat, viza yake iombewe tarehe ya baada ya hapo.