Kamba ya nguo iliyonyoosha historia

Mpwa wangu alikuja kwangu mtaa wa Umoja na daftari lililojaa miaka, na kila tukio kaliachia mstari mmoja. Kwa hiyo Roma ya magharibi kuanguka 476 na Konstantinopoli, mji mkuu wa Roma ya mashariki, kutekwa 1453 yalikuwa majirani. Akaniuliza, "Mjomba, ni watu walewale?"

Kosa lilikuwa nafasi. Nikafunga kamba ya nguo sebuleni, mita mbili, kutoka 500 KK (kabla ya Kristo) hadi 1500 BK (baada ya Kristo): sentimita 1 kwa miaka 10. Tukabana vikaratasi kwa vibanio. Sasa matukio yale mawili yakaachana karibu mita nzima, mtoto akaguna.

Upande wa KK ulitusumbua zaidi. Alimtanguliza Augustus, mfalme wa kwanza wa dola ya Roma, kutawala, 27 KK, mbele ya Julius Kaisari kuuawa, 44 KK, maana 27 ni ndogo. Huko namba hupungua kuelekea katikati, na mwaka sifuri haupo: 1 KK hufuatwa na 1 BK. Ukijumlisha miaka kuvuka hapo, toa moja.

Mansa Musa, mfalme wa Mali, kwenda Makka (1324) na msafiri Ibn Battuta kufika Kilwa (1331) walikosa nafasi kwenye kamba. Afrika tukaining'iniza chini kwa uzi mwekundu.

Nguo zinaanikwa bafuni mpaka mtihani uishe.