Barua 11 za Zamu ya Usiku

Mwaka 2011 nilikuwa na umri wa miaka 27, na kwa miezi saba nilikuwa nimesimamia zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate kilichokuwa kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Nilikuwa na wafanyakazi 11, na tisa kati yao walikuwa wamenizidi umri. Fundi mkuu wa oveni alikuwa mzee aliyeanza kuoka mikate kabla sijazaliwa. Kila jioni nilipoingia nilimwamkia shikamoo, naye akanijibu marahaba mwanangu. Lakini kengele ya zamu ilipolia aliniita mama msimamizi, akanipisha njia baina ya matoroli, na kuanzia hapo hakuna kati yetu aliyejua vizuri amwambie nini mwenzake.

Huo ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme. Mvua zilikuwa chache, maji ya bwawa la Mtera, linalozalisha umeme, yalikuwa yamepungua, na giza liliweza kuingia saa yoyote bila taarifa. Oveni yetu ilichoma dizeli, ila feni ya kichomeo na mtambo wa kuzungushia toroli ndani yake vilitegemea umeme, kwa hiyo umeme ulipokatika na moto nao ulizimika. Tulikuwa na jenereta, ya aina inayowashwa kwa mkono, ambayo baada ya kuwashwa ni lazima mtu ageuze swichi kubwa ukutani ili umeme uhame kutoka kwenye gridi. Watu wawili tu kiwandani ndio walioijua kazi hiyo, yaani fundi umeme na msaidizi wake.

Usiku ninaoukumbuka, umeme ulikatika mnamo saa nane. Unga wa mifuko minne ya kilo 50 ulikuwa umekwisha kukandwa, kukatwa na kupangwa katika makopo, nao ulikuwa umeumuka kiasi cha kuingia ovenini. Fundi umeme alikuwa katika likizo yake ya mwaka, ambayo mimi ndiye niliyeipitisha. Msaidizi wake alikuwa nyumbani Vingunguti, kwa sababu katika ratiba ya juma lile nilikuwa nimempangia mapumziko usiku huohuo. Tulimpigia simu, akapata pikipiki, lakini hadi anafika na jenereta kunguruma ilikuwa imepita saa nzima. Kwa joto la Dar es Salaam, na hamira ikiwa imekwisha kuamka, saa moja ni muda mrefu mno. Donge lilipanda likavuka kingo za makopo, kisha likabonyea katikati na kuanza kutoa harufu ya uchachu. Tulioka toroli moja ili tuone, ikatoka mikate mizito, bapa, isiyoweza kuuzwa. Alfajiri magari ya usambazaji yaliondoka na upungufu wa mikate ipatayo 450.

Asubuhi ile meneja aliniita. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwa bei ya kuuzia: hasara ya shilingi 330,000, igawanywe kwa watu 11, kila mmoja akatwe 30,000 katika mshahara wa mwezi ule. Aliniagiza niandike barua. Sikuuliza swali hata moja. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika barua moja, nikabadilisha majina mara kumi, na ninakiri kwamba niliona nafuu, kwa sababu karatasi ingesema kwa niaba yangu maneno ambayo nisingeweza kumtamkia mtu ninayemwamkia shikamoo. Barua ilisema kwamba kutokana na uzembe uliojitokeza katika zamu, mhusika atakatwa kiasi kilichotajwa, na hapo chini akaachiwa nafasi ya kusaini.

Vijana wanne walisaini bila kusoma. Wasaidizi wa chumba cha kukandia, ambao mshahara wao ulikuwa shilingi 110,000 kwa mwezi, waliitazama ile tarakimu, wakatazamana. Mzee wa oveni alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaikunja barua mara mbili na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, hii siwezi kuisaini," alisema kwa sauti ya chini. "Adhabu siikatai. Lakini barua haisemi mimi nimekosa nini."

Sikuwa na jibu. Niliirudia barua yangu mwenyewe na kuona kwamba kweli haikuwa imesema. Neno uzembe lilikuwepo, lakini hapakuwa na mtu aliyefanya jambo fulani au aliyeacha kulifanya.

Siku tatu baadaye tulikaa kikao ofisini kwa meneja, mimi, mzee, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, ambaye alikuja na nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kurasa zake zikiwa zimechakaa kwa kufunuliwa. Alitusomea kifungu cha 28 polepole. Mwajiri anayetaka kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara ni lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe; amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa; ampe nafasi ya kutosha ya kupinga; deni lisizidi hasara halisi; na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Robo ya 110,000 ni 27,500. Barua zangu zilikuwa zimevunja karibu kila sharti lililosomwa, hata hilo la hesabu ambalo mtoto wa shule ya msingi angeliona, na hasara yenyewe ilikuwa imepigwa kwa bei ya dukani badala ya gharama ya unga, hamira na dizeli tuliyoipoteza.

Hata hivyo si sheria iliyoniinamisha kichwa siku ile. Mwakilishi alimgeukia mzee na kumuuliza kama alijua kabla kwamba usiku ule hapatakuwa na mtu wa jenereta. Mzee akajibu kwamba alijua tangu Jumatatu, ratiba ilipobandikwa.

Meneja alipandisha sauti. "Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ratiba ilikuwa na saini yake na muhuri wa ofisi," mzee alisema, bila kunitazama. "Kumkosoa mbele ya vijana ni kumvunjia heshima, na yeye ndiye mkubwa wetu pale. Nilisubiri aniulize. Hakuniuliza."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko jambo lolote nililosoma baadaye kuhusu kuongoza watu. Kwa miezi saba nilikuwa sijamuuliza mzee yule swali hata moja la kazi. Niliona haya kumhoji mtu wa umri wa baba yangu, nikaiita haya hiyo heshima, na kila nilichotaka kifanyike nilikibandika ukutani ili nisilazimike kusimama mbele yake. Naye aliyaona makosa yangu yakiwa bado madogo, akayaacha yapite kwa sababu ileile. Kila mmoja alikuwa akimstahi mwenzake kwa dhati, na katikati ya kustahiana huko mifuko minne ya unga ilichacha.

Nilimwambia meneja kwamba ratiba niliipanga mimi peke yangu, likizo niliipitisha mimi, na mapumziko ya msaidizi niliyaweka mimi bila kutazama kwamba fundi hayupo. Nilitamka hayo huku magoti yakinitetemeka. Barua zote 11 zilifutwa, kampuni ikaibeba hasara, nami nikapewa onyo la maandishi, ambalo tofauti na barua zangu lilitaja tarehe, kosa na maelezo niliyokuwa nimeyatoa. Nililisaini palepale.

Jioni ile niliwahi kazini. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kreti, akinywa chai ya rangi kabla ya zamu. Nilimwamkia, nikaomba kukaa, nikamwambia, "Baba, nina jambo naomba unishauri." Nilijifunza siku hiyo kwamba kumtaka mzee ushauri ni njia ambayo adabu yetu imeiacha wazi siku zote, na msimamizi kijana anaweza kuipita bila kupungukiwa na chochote. Tulizungumza mpaka kengele ilipolia. Aliniambia mambo ambayo sikuyajua kabisa: kwamba mashine ya kukandia hupata joto ikipewa mifuko mitatu mfululizo, kwamba kijana mmoja wa ufungashaji alikuwa akilala kiwandani kwa kukosa nauli, na kwamba msaidizi wa fundi umeme angefurahi kuwafundisha wengine jenereta kama angeombwa.

Aliombwa. Katika majuma mawili watu wanne zaidi waliijua, akiwemo dada mmoja wa ufungashaji aliyeishinda ile swichi kwa wepesi kuliko sisi sote. Ratiba nayo nilianza kuiandika kwa penseli na kuitundika Alhamisi bila saini, na kila usiku kabla ya kazi tulisimama dakika kumi kando ya meza ya kukatia ili yeyote mwenye neno aliseme. Juma la kwanza hakuna aliyefungua mdomo zaidi ya kuitikia salamu. Juma la pili vijana waliuliza kuhusu aproni. Nilikuwa karibu kukata tamaa, nikadhani nimeanzisha jambo la kuwapotezea watu muda wao.

Alhamisi ya juma la tatu mzee aliikaribia karatasi ukutani, akavaa miwani, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari huku wote kumi wakimtazama.

"Mama msimamizi," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye oveni, "Jumamosi hapa umewapumzisha wakandaji wote wawili."

Nilikwenda kuchukua kifutio.