Vile nilifanya viazi vya Molo vikubalike kwa duka la jina la nje

Nina tawi la kuku wa kukaanga hapa Nakuru, jina la duka ni la kampuni ya nje, unalipia leseni wanakupa kitabu cha masharti. Kitabu kilisema chipsi zije zimegandishwa kutoka ng'ambo. Jameni, Molo iko hapo juu tu! Januari 2022 KFC waliishiwa na chipsi huku Kenya sababu meli zilichelewa, wakaambia wateja wachukue ugali ama coleslaw. Hapo ndio nilianza kumsumbua bosi wa kanda aniruhusu nijaribu Shangi, aina ya viazi vya hapa kwetu.

Ushauri nilipewa mwingi na mbovu. "Weka ugali na sukuma kwa menyu, wateja watakuzoea." Niliweka, na inaenda, lakini mtu akileta watoto Jumapili anataka chipsi.

Nikanunua magunia kumi, na vile Shangi huota haraka nikayaweka chumba baridi pamoja na kuku. Wiki mbili baadaye bosi amekuja, naweka kwa mafuta, zinatoka nyeusi kama mandazi ya kuungua na ndani bado mbichi, duka lote linanuka sukari iliyoungua. Niliumia. Jioni nikaenda kwa mama anayeniuzia pale soko la Wakulima, akaniuliza swali moja tu, "Mwanangu, uliviweka kwa baridi?" Kumbe kiazi kikilala kwa baridi wanga inageuka sukari, na mafuta moto yanaichoma.

Sikumwaga yaliyobaki. Niliyatoa nikayatandaza stoo, gizani, juu ya mbao, kila asubuhi nakaanga kipande kimoja naangalia rangi, na kama siku kumi na nne hivi rangi ikarudi ya dhahabu. Halafu kuna hii: ukishakata osha mpaka maji yawe safi, tumbukiza kwa maji moto yasiyochemka dakika chache, kausha kabisa, kaanga mara ya kwanza pole pole zibaki nyeupe, ziache zipoe, mteja akiagiza unarudisha kwa mafuta makali. Ukiuma unasikia kah! Na viazi vya kijani usinunue hata ukipunguziwa.

Bosi aliporudi alikula akiwa amesimama, bila sosi, akamaliza kikapu, akaitisha rula apime upana wa kipande aandike.

Siku hizi nachukua gunia mara mbili kwa wiki, elfu tatu na kitu, msimu ukiwa mbaya inapanda, na hakuna kinacholala kwa baridi isipokuwa kuku. Katoni ya mwisho ya nje nilifungua mwezi wa nane.