Mzuka yuko nyuma, wewe unatazama mbele

Filamu nyingi za mizuka hutisha kwa mlio. Kimya, kimya zaidi, halafu uso unajaa skrini na spika zinapasuka. Moyo unaruka, na dakika mbili baadaye umeshasahau. Kuna kundi jingine lisilotajwa sana, na kinacholifanya lisitajwe ndicho hichohicho kinacholifanya litishe: mzuka yupo kwenye picha muda wote, mdogo, yuko mbali, wala hapigiwi muziki wa kumtangaza. Ukizitazama huku unachezea simu utaapa hazina kitu.

Anza na The Innocents ya Jack Clayton. Ukiitafuta andika na mwaka, 1961, maana ipo ya Norway ya 2021 inayouzwa kwa jina hilohilo na hata undugu hawana. Inafunguka kwa skrini nyeusi tii na sauti nyembamba inayoimba bila ala, kabla hata ya nembo ya studio. Unaweza kudhani faili limeharibika ukasogeza mbele. Usisogeze, wimbo ule utarudi. Mpiga picha wake, Freddie Francis, alipaka rangi vichujio vya lenzi ili kingo za ile picha pana zimezwe na giza. Jicho linavutwa katikati, na pembeni pote panabaki mahali pa kushuku. Halafu, baada ya giza lote hilo, mzuka wa kutisha kuliko wote anatokea mchana kweupe: mwanamke mwenye nguo nyeusi, kwenye matete ng'ambo ya ziwa. Hasogei, hanyooshi mkono. Amesimama tu.

Ya pili ni Kairo ya Kiyoshi Kurosawa, 2001. Marekani waliirudia 2006 kwa jina la Pulse, hiyo iache. Katika ile ya Kijapani mwanamume anaingia kwenye chumba ambacho mlango wake ulizibwa kwa utepe mwekundu. Mwisho wa chumba yuko mwanamke. Mwanamke huyo anamfuata polepole, na katikati ya hatua goti linalegea, mwili unazama kando kama anayeanguka, kisha anajiinua na kuendelea kuja. Ni kosa dogo tu la mwendo, lakini ni kosa ambalo mtu hai halifanyi hivyo.

Na hapa ndipo runinga inapoharibu kazi. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa kile kipengele cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu za ziada katikati ya zile za kweli. Goti la yule mwanamke litateleza kama tamthilia ya studio. Kizime, chagua modi ya sinema, kisha zima pia kile kinachobadilisha mwangaza chenyewe kulingana na taa ya chumbani. Usipandishe mwangaza ili "uone vizuri": weusi utageuka kijivu na kina cha picha kitapotea. Zima taa za chumba badala yake. Kama intaneti ni dhaifu, pakua filamu kwanza kwa ubora wa juu. Faili likibanwa sana, sehemu za giza ndizo huumia mapema, zinageuka vipande vya mraba vinavyotetemeka, na mzuka wako amekwenda navyo.

Kwa Session 9 (2001, Brad Anderson) macho hayatoshi, vaa vipokea sauti. Mafundi wanaondoa asbesto katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoachwa. Jengo ni la kweli, Danvers huko Massachusetts, na sehemu yake kubwa ilikuja kubomolewa. Mmoja wao anakuta kanda za mahojiano ya mgonjwa, anaanza kuzisikiliza moja baada ya nyingine. Pandisha sauti kwenye mazungumzo ya mwanzo mpaka kila neno lisikike, kisha usiiguse tena. Modi ya usiku, ile inayosawazisha sauti ndogo na kubwa, inaiua kabisa.

Noroi ya Kōji Shiraishi (2005) inataka uvumilivu wa karibu saa mbili, na maandishi ya tafsiri yaliyokamilika. Habari za nani amekufa na lini hupita kwa maandishi ya Kijapani skrinini. Tafsiri iliyoshughulikia mazungumzo pekee itakuacha gizani. Aterrados ya Demián Rugna, Argentina, 2017, huitwa Terrified kwa Kiingereza, usije ukachukua Terrifier ya yule mchekeshaji muuaji. Humo kuna mtoto aliyekwisha kuzikwa, ameketishwa mezani jikoni, na polisi wanabaki kumtazama.

Ghostwatch, filamu ya kubuni, ilirushwa na BBC tarehe 31 Oktoba 1992 kama kipindi cha moja kwa moja, na mtangazaji wa kweli, Michael Parkinson, ingawa ilikuwa imerekodiwa kabla. BBC haijairudia tena kwenye runinga. Picha ya chumba cha watoto inaonyeshwa, kisha inarudishwa studioni ikaguliwe. Kodolea pazia mara zote mbili, maana picha hizo si sawa.

Ya mwisho iwe Lake Mungo ya Joel Anderson, Australia, 2008, imetengenezwa kama makala ya kweli kuhusu familia iliyofiwa na binti aliyezama majini. Hakuna anayekimbia, hakuna damu. Utaonyeshwa picha, utaambiwa pa kutazama, na utatii. Majina yakianza kupita usizime: baadhi ya picha zilezile zinarudi, na safari hii unaonyeshwa upande mwingine wa fremu.