Nilivyolifanya duara la pete lisigeuke yai kwenye simu

Watengenezaji wenzangu wa programu hapa Nairobi hulijibu kila swali la vipimo kwa maneno mawili: "Tumia dp." Dp, kizio cha Android cha kupangia vitu kwenye skrini, hupanga vitufe vizuri, lakini haipimi kitu. Hesabu yake hufuata daraja la pikseli kwa inchi ambalo kiwanda kimeipangia simu, kama vile 240 au 320, hata pale skrini yenyewe ina pikseli 270 kwa inchi. Sonara mmoja wa Biashara Street alitaka wateja walio mbali wapime pete zao kwa kuzilaza juu ya duara kwenye simu, na katika vipimo vya Marekani saizi moja ya pete hupishana na inayofuata kwa takriban milimita 0.8 tu za kipenyo. Makadirio hayangemfaa.

Mshauri mwingine, mwenye kujiamini kupita kiasi, alinielekeza nisome xdpi na ydpi, yaani pikseli kwa inchi kwa upana na kwa urefu, kisha kila upande niuzidishe kwa namba yake. Simu ya sonara, ya bei nafuu, yenye skrini ya inchi 6.5 na pikseli 720 kwa 1600, ilitangaza 270 kwa upana na 260 kwa urefu. Duara la milimita 17 likatoka na pikseli 181 kwa 174. Mzee aliitazama skrini, akaigeuza, akanirudishia simu yake: "Kijana wangu, mimi nauza pete, haya ni mayai ya kanga."

Nilinunua kalipa, kifaa cha kupimia milimita, River Road kwa pesa kidogo, nikapima skrini yenyewe. Pikseli zilikuwa za mraba, kama ilivyo kawaida ya simu. Namba ya urefu ndiyo iliyoandikwa ovyo kiwandani. Ukitumia kipimo cha milimita cha Android hutaliona yai hilo, kwa kuwa msimbo wake huzidisha kwa xdpi pande zote mbili, lakini xdpi ikikosewa, duara zima hukosewa.

Basi nikaacha kuiamini simu, nikaamini kadi ya benki. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 7810 huipa milimita 85.60 kwa 53.98, na ukiisimamisha wima juu ya skrini, upande mfupi hukupa pikseli kwa inchi za upana na ule mrefu hukupa za urefu, kwa mkupuo mmoja. Mteja husogeza mistari hadi iguse kingo za kadi. Aguse kingo, si pembe, maana pembe zimeviringwa. Kava lenye ukingo ulioinuka litolewe kwanza, kwa sababu huinua kadi, na jicho litazame kutoka juu kabisa. Kwenye simu ya sonara mistari ilisimama kwenye pikseli 574 na 910, ambazo ni pikseli 270 kwa inchi pande zote mbili, na sijamwona mshauri yeyote akinipongeza.

Programu huhifadhi vipimo hivyo, na huomba kadi upya pale tu mtu anapobadilisha idadi ya pikseli kwenye mipangilio ya simu yake.