Kutoka mlango wa gari hadi mlango wa kabini

Msaada wa kiti cha magurudumu siku ya kupanda meli ya kitalii huonekana jambo jepesi: abiria anaketi, mtu anasukuma, wanafika. Ukiifuatilia njia yenyewe hatua kwa hatua unagundua kwamba kusukuma ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Ugumu uko kwenye kukabidhiana. Mpagazi wa nje anamwacha abiria kwa mhudumu wa ndani ya jengo, huyo anamfikisha kwa watu wa ukaguzi, wao wanampitisha kwa wanaosimamia daraja la kupandia, na mwisho baharia mmoja anampeleka chumbani, au hampeleki. Kila anayempokea anajua nusu ya alichojua aliyemtoa. Kwa hiyo nikisikia mtu analalamika kwamba "viti havitoshi", mimi huuliza kwanza: alikwama wapi? Mara nyingi alikwama akiwa ameketi kwenye kiti, pembeni mwa ukuta, aliyemleta ameshaondoka na wa kumpokea hajaambiwa.

Kabla ya hapo kuna jambo linalowaponza wengi. Kiti kinachotolewa bandarini ni cha kupandia na kushukia tu. Abiria akifika ndani, kiti kinarudi chini kumchukua mwingine. Meli kubwa za siku hizi zina urefu wa zaidi ya mita 300, na mtu aliyepewa chumba upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, wakati ukumbi wa chakula uko omo, yaani mbele, atatembea urefu huo mara tatu kwa siku, kwenda na kurudi. Anayehitaji kiti kila siku aje na chake, au akodi kwa kampuni inayokipeleka hadi chumbani. Viti vichache vilivyomo melini huwekwa kwa ajili ya wagonjwa na dharura, havigawiwi kama taulo.

Kosa la upande wa pili ni la wale wanaotembea kidogo na kuona haya kuomba. Wanajiuliza, "Kwani siwezi kutembea?" Swali lenyewe silo. Swali ni hili: naweza kusimama foleni kwa dakika 40, nikatembea ukumbi mzima, nikapanda mteremko, kisha nikasimama tena kungoja lifti? Mwenye goti bovu au pumzi fupi akijibu kwa ukweli ataomba kiti, na atafika akiwa na nguvu ya kufungua mabegi yake.

Maombi yenyewe hufanywa wakati wa kununua tiketi, halafu hukumbushwa siku chache kabla ya safari. Kwa safari zinazoanzia bandari za Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1177 ya mwaka 2010 inataka abiria atoe taarifa angalau saa 48 kabla na awepo mahali palipopangwa kwa saa aliyoandikiwa, naye asaidiwe bila kutozwa chochote. Akichelewa kutoa taarifa, kampuni bado inatakiwa ijitahidi kadiri iwezekanavyo. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2005, kwenye kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, kwamba sheria ya haki za watu wenye ulemavu inazihusu pia meli za bendera za kigeni zikiwa kwenye maji ya nchi hiyo, ingawa haizilazimishi kufanya mabadiliko yanayogusa usalama wa chombo. Sheria hizi zina meno, lakini hazisukumi kiti. Kinachosaidia asubuhi ile ni fomu iliyojazwa vizuri.

Na kujaza vizuri si kuandika "ana shida ya miguu". Maneno hayo hayamwambii mtu wa gatini afanye nini. Andika kama anapanda ngazi, na ni vipandio vingapi. Andika kama anahama mwenyewe kutoka kiti hadi kiti au anahitaji mkono wa kushika. Andika uzito wa kiti chake na upana wake wa nje, si wa kikalio, pamoja na aina ya betri kama ni cha umeme. Kampuni nyingi haziruhusu wahudumu wao kumbeba abiria mwilini wala kumsaidia chooni. Asiyeweza kuhama mwenyewe anatarajiwa kuja na mtu wake. Ni vizuri kulijua nyumbani kuliko kulijulia mlangoni. Betri za maji ya asidi hukataliwa kwa sababu zinaweza kumwaga. Za jeli na za kukauka hukubaliwa kwa kawaida, na za lithiamu huulizwa kwanza.

Upana wa nje nimeutaja kwa sababu ndio unaovunja safari. Kiti cha kawaida chenye kikalio cha sentimita 46 huwa na sentimita kama 64 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mlango wa kabini ya kawaida uko chini ya sentimita 60 kwenye meli nyingi. Hakiingii. Kabini zilizotengenezwa kwa ajili ya vitimwendo zina milango ya sentimita 80 hivi na nafasi ya kugeuka yenye kipenyo cha sentimita 150, ila ni chache na huisha mapema mno. Anayeweza kutembea hatua kumi anaweza kumaliza tatizo kwa kukikunja kiti mlangoni na kukiingiza kikiwa kimekunjwa. Mwenye skuta, kile kigari cha umeme cha kuketi, hana ujanja huo, maana skuta haikunjiki kwa urahisi na hairuhusiwi kulala kwenye ujia. Wengine hudhani ni ukorofi wa mabaharia. Ujia ndiyo njia ya watu ikitokea moshi, na chombo kimoja kilichoachwa pale gizani kinaangusha msururu mzima.

Sasa twende chini, kwenye ukingo wa barabara. Kabla mtu hajaketi, kiti kikaguliwe, na hili huchukua nusu dakika tu. Breki ya kiti cha kawaida ni kijiti cha chuma kinachobana tairi lenyewe. Tairi la upepo likiwa limelegea, kijiti hakifiki vya kutosha. Breki inaonekana imefungwa, lakini ukisukuma kiti kinaenda. Funga breki zote mbili, kisukume kwa goti, uone. Angalia vikanyagio vimejifunga kwenye pingili zake na havining'inii. Magurudumu madogo ya mbele yageuzwe yatazame mbele wakati abiria anaketi, kwa sababu yakiwa hivyo kitako cha kiti kinakuwa kirefu na hakiinami mtu akijishusha kwa uzito. Vikanyagio vikunjwe juu kwanza, miguu iguse ardhi, aketi hadi mgongo ugote, ndipo vishushwe. Watu hukanyaga kikanyagio kama kidaraja cha kupandia. Hapo kiti kizima kinapinduka mbele.

Kisha mabegi. Begi linalotundikwa kwenye vishikio vya nyuma halina ubaya mahali tambarare. Kiti kikianza kupanda mteremko, uzito wa abiria unarudi nyuma na wa begi nao uko nyuma, kwa hiyo magurudumu ya mbele yananyanyuka. Mizigo mikubwa apewe mpagazi, kibegi kidogo kikae mapajani. Pasi, tiketi na dawa za siku hiyo zikae shingoni au kifuani mwa abiria mwenyewe, kwa sababu kwenye ukaguzi begi linaenda kwenye mkanda wa mashine na kiti kinapita njia nyingine. Chuma cha kiti hufanya lango la ukaguzi lisiwe na maana, basi abiria hupapaswa kwa mkono pembeni. Anaweza kuomba afanyiwe faraghani. Na anayesukuma aseme anapoanza na anapogeuka, tena aseme na aliyeketi, si na binti yake aliyesimama kando. Ajabu jinsi swali la "anaitwa nani?" linavyoulizwa juu ya kichwa cha mtu mwenye masikio yake.

Kwenye daraja la kupandia ndipo ustadi unapopimwa. Kipimo kinachotumiwa kwa njia za vitimwendo majengoni ni kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Daraja la meli halina kipimo cha kudumu, kwa sababu upande wake mmoja uko gatini na mwingine uko juu ya maji. Maji yakijaa, meli inapanda, yakipwa, inashuka. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ni kubwa zaidi, na daraja lililokuwa pole asubuhi linaweza kuwa mlima saa nane. Piga hesabu: abiria wa kilo 85 kwenye kiti cha kilo 18 ni kilo 103. Kwenye mteremko wa 1 kwa 12, anayesukuma anazuia kama kilo 8 na nusu zisirudi nyuma. Ukiwa 1 kwa 5, anazuia kilo 20, kwa urefu wa daraja zima, na akiteleza hana pa kujishika. Ndiyo maana mabaharia wenye uzoefu huweka watu wawili, au humwomba abiria angoje saa moja maji yabadilike. Kungoja huko si uzembe.

Kupanda, kiti kinatazama juu na msukumaji yuko nyuma. Kushuka kinageuzwa: abiria anabaki ametazama juu, msukumaji anatangulia chini kinyumenyume akiangalia nyuma kwa bega, kiti kinamfuata. Wakiwa wawili, wa mbele ashike fremu ya kiti. Asishike kikanyagio wala mkono wa kiti, kwa kuwa hivyo vimetengenezwa vitoke, na vitamtokea mkononi katikati ya daraja. Mikono ya abiria ikae mapajani. Daraja ni jembamba na reli zake hukwangua vifundo vya vidole vya anayejishikilia kwenye magurudumu.

Halafu linakuja lile bamba la chuma mwishoni, pale daraja linapokutana na meli. Haliko imara, na limeachwa hivyo makusudi, maana meli hata ikiwa imefungwa kamba inacheza kidogo na bamba lazima liteleze nayo. Ukingo wake una kimo kidogo tu, lakini gurudumu dogo la mbele likiufikia kwa mshazari linageuka upande na kuganda. Kiti kinasimama ghafla, mtu hasimami. Dawa yake ni kusimama mwenyewe kabla ya bamba, kumwambia abiria aegemee nyuma, kukanyaga kidude cha kuinulia kilichoko chini nyuma ya kiti, kunyanyua magurudumu madogo, kusogea hadi makubwa yaguse ukingo, kuyashusha madogo taratibu, ndipo usukume. Ukiona bamba linapanda na kushuka, subiri lishuke. Wengine hugeuza kiti na kupitisha magurudumu makubwa kwanza, na kwenye kizingiti kirefu mimi naona hiyo ni salama zaidi.

Mlango wa meli ukishavukwa, makabidhiano ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Kadi ikisomwa, msukumaji wa gatini anataka kiti chake. Abiria aulize hapohapo, kabla hajanyanyuka: nani ananipeleka hadi chumbani? Kama anakuja na kiti chake mwenyewe na kinapelekwa kwa njia nyingine, akipige picha kabla hakijaondoka mikononi mwake. Kanuni ya Ulaya niliyoitaja inaibebesha kampuni au mwendeshaji wa jengo la abiria gharama ya kutengeneza au kununua kingine kikiharibika kwa uzembe wao, na picha ya dakika ile humaliza ubishi.

Bandari ambazo meli haifungi gatini bali inatia nanga nje ni habari nyingine kabisa. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, na kati ya ubavu wa meli na boti kuna hatua moja inayopanda na kushuka na mawimbi. Kampuni nyingi hutaka abiria aweze kuichukua hatua hiyo mwenyewe huku ameshikwa mikono. Kiti kinakunjwa na kupitishwa peke yake, na viti vizito vya umeme hubaki melini. Uamuzi hufanywa asubuhi hiyohiyo kufuatana na bahari, na jana kukubaliwa hakumaanishi leo. Ratiba huonyesha bandari za aina hii kabla ya kulipa. Zihesabu. Zikiwa nne kati ya saba, hiyo ni safari ya kutazama nchi kwa dirishani.

Siku hiyo ya kwanza kuna mazoezi ya dharura. Baada ya ajali ya Costa Concordia, Januari 2012, masharti ya kimataifa yalibadilishwa, na tangu mwaka 2015 mazoezi haya hufanywa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwenye dharura lifti hazitumiki. Asiyeshuka ngazi huteremshwa kwa kiti maalumu, na jina lake linapaswa kuwa kwenye orodha ya wa kufuatwa. Fomu ya kuomba kiti cha kupandia na orodha hii ni karatasi mbili tofauti, na moja haijazi nyingine. Asione uvivu hapo: apite mapokezi aulize jina lake limo au halimo, na nani atabisha hodi.

Kushuka siku ya mwisho kunahitaji ombi jipya. Watu waliopanda kwa saa tano wanataka kushuka kwa saa mbili, viti ni vilevile. Anayejiandikisha mapema hupewa saa na ukumbi wa kungojea. Anayejitokeza mlangoni asubuhi huwekwa nyuma ya hao. Mabegi makubwa yaachwe nje ya mlango wa chumba usiku, kwa sababu msukumaji ana mikono miwili tu na yote iko kwenye kiti. Dawa, nguo za kuvaa asubuhi na vikanyagio vilivyovuliwa visiingie kwenye mabegi hayo. Vikanyagio hasa: kila mara kuna watu wanaoshushwa kwenye kiti chao huku miguu yao ikiburuta, navyo viko tayari gatini, ndani ya begi, kwenye rundo la maelfu.