Sinki Ndilo Lipange Idadi ya Wagonjwa

Katika kitengo cha endoskopi, yaani kipimo cha kutazama ndani ya tumbo kwa mpira mrefu wenye kamera, macho ya wengi huelekea kwenye chumba cha kipimo, alipo daktari, skrini na mgonjwa aliyelalia ubavu wa kushoto. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha namna hiyo hapa Dodoma, na kwa maoni yangu usalama wa mgonjwa huamuliwa zaidi katika chumba cha pili, kile cha kuoshea mipira, ambacho wakaguzi wakija huchungulia tu mlangoni.

Mpira wa kupimia tumbo hauchemshwi wala hauingizwi kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, kwa kuwa joto lingeuharibu. Ndani yake mna mfereji mwembamba, kwa kawaida wenye upana wa milimita 2.8 hivi, unaopitisha koleo la kuchukulia kipande kidogo cha nyama cha kwenda kupimwa, na humo ndimo damu na ute hujificha. Kwa hiyo kazi huanzia kando ya kitanda: mpira ukishatolewa tu, hufutwa na kuvutishwa maji ya sabuni yenye vimeng'enya kabla uchafu haujakauka. Kisha hujazwa hewa na kuzamishwa majini, nasi tunautazama pole pole, tukiukunja ncha huku na huku, kuona kama kuna mapovu yanayopanda mfululizo kutoka sehemu moja. Yakionekana, pana tundu, na mpira huo hauguswi tena na mgonjwa hadi utengenezwe. Ndipo brashi ndefu hupitishwa ndani ya mfereji na kurudiwa mpaka itokee upande wa pili ikiwa safi. Dawa ya kuua vijidudu haipenyi uchafu uliogandamana, hata ukiloweka mpira kutwa nzima. Dawa hiyo, glutaraldehaidi, ambamo mpira hulowekwa baada ya kupigwa brashi, huhitaji angalau dakika 20, au zaidi kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, na nguvu yake hupimwa kwa kijikaratasi, kwani hupungua kadiri inavyotumika.

Hapa kwetu kuna pia suala la maji. Maji ya visima vya Makutupora, ambayo mji umeyategemea kwa miaka mingi, ni magumu, na kila mwenye birika nyumbani anaujua ule ukoko mweupe. Maji ya suuza ya mwisho yanapaswa kuchujwa, kisha mfereji upulizwe hewa na mpira utundikwe wima, maana unyevu ukilala humo usiku kucha, bakteria wa jamii ya Pseudomonas huzaliana. Foleni ikirefuka, hatua inayorukwa kwanza ni hii ya kukausha.

Ukijumlisha hatua zote, mpira mmoja hukaa karibu saa nzima nje ya matumizi, mbali na muda wa kipimo chenyewe. Kitengo chenye mipira miwili, kikianza saa mbili asubuhi na kumaliza saa nane mchana, hakiwezi kuvuka wagonjwa 10 bila kupunja mahali, na hapo nimechukulia kwamba anayeosha hana kazi nyingine. Orodha ikiandikwa 18, hesabu imekwisha kusema kitakachotokea.

Mzee mmoja kutoka Kondoa aliniuliza, "Mwanangu, huu alioumeza yule mama ndio nitakaoumeza mimi?" Niliona ni swali bora kuliko mengi ya ukaguzi. Nilimfungulia daftari linaloonyesha namba ya kila mpira, saa ulipooshwa na aliyeuosha. Daftari hilo lina kazi nyingine pia: maambukizi yakitokea, ndilo linalowezesha kuwatafuta wote waliotumia mpira ule ule.

Hata hivyo, kuosha vizuri si kinga kamili. Mwaka 2015 huko Los Angeles, Marekani, ilitangazwa kwamba wagonjwa walikuwa wameambukizwa bakteria sugu kupitia mipira ya kupimia mirija ya nyongo, ambayo kisehemu kidogo kinachojikunja nchani mwake ni kigumu kusafisha, ijapokuwa hospitali ilieleza kwamba ilifuata maelekezo ya mtengenezaji.

Ninachopendekeza kwa viongozi wa vitengo ni kidogo: kabla ya orodha ya kesho kubandikwa, muoshaji aulizwe ni mipira mingapi itakuwa mikavu asubuhi, na awe na mamlaka ya kusimamisha kipimo bila kuhitaji kumtafuta bosi. Mgonjwa wa 11 apangiwe siku nyingine, na apigiwe simu mapema, kabla hajafunga kula na kupanda basi.